Siku ya Mama wa Nyumbani: Kipi Kianze, Kipi Kisubiri
Mwongozo kwa mama anayelea watoto wadogo Jinja na Mbale

Nchini Uganda elimu ya msingi ya bure ilianza mwaka 1997, lakini inaanzia darasa la kwanza, mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Shule za chekechea karibu zote ni za watu binafsi na zinalipiwa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Walukuba, Masese na Bugembe kule Jinja, au Namatala, Namakwekwe na Nkoma kule Mbale, miaka ya mwanzo ya mtoto yote inapita mikononi mwa mama, tangu alfajiri hadi usiku. Mara nyingi mtoto si mmoja. Ni wawili au watatu waliofuatana. Mama huyo ni mlinzi, mpishi, muuguzi na mwalimu wa kwanza, na bado anatarajiwa kufua, kufagia na kuteka maji. Siku haitoshi kwa yote hayo, na mwongozo huu hauwezi kuirefusha. Unachoweza kufanya ni kukusaidia kuamua kipi kianze.

Kanuni ni moja: panga siku yako kwa kufuata yale ambayo mtoto hawezi kuyasubiri. Hayo ni manne: usalama, chakula, usingizi na mtu wa kuzungumza naye. Uwanja, masufuria na pasi vinasubiri. Kanuni hii ni rahisi kuitamka na ngumu kuifuata, kwa sababu kazi zinazosubiri ndizo zenye mashahidi. Uwanja usipofagiwa, jirani ataona kabla ya saa 3 asubuhi. Mtoto akila mara mbili badala ya mara nne, hakuna atakayeona mpaka siku atakapopimwa uzito kliniki. Mama anayeogopa kusemwa hujikuta anatumia nguvu zake za asubuhi, zilizo bora kuliko zote, kwa kitu ambacho kitachafuka tena mchana.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walifanya yote, na uwanja wao ulikuwa safi. Ni kweli walifanya kazi kubwa, lakini hawakuifanya peke yao. Katika boma la Busoga au la Bugisu kulikuwa na mama mkwe, mawifi na wasichana wakubwa ambao leo wako shuleni. Chakula kilitoka shambani nyuma ya nyumba. Mama wa leo aliyepanga chumba kimoja mjini ananunua mboga, analipia maji, na mikono ni yake miwili. Tena tusisahau gharama ya siku zile. Katikati ya miaka ya 1990, watoto zaidi ya 140 kati ya kila 1,000 waliozaliwa Uganda walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 52. Watoto wanaopona leo wanaokolewa na chanjo, vyandarua, maji salama na matibabu ya mapema, na karibu kila kimoja kati ya hivyo hupitia mkononi mwa mama aliyepata nafasi ya kukishughulikia.

HATUA YA 1: Ondoa hatari kabla ya kuanza kazi

Usalama unatangulia kwa sababu macho ya mama hayawezi kuwa kila mahali. Ukitegemea kuangalia tu, utachoka kabla ya adhuhuri, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahitaji dakika moja tu kufika kwenye sigiri. Nyumba ikipangwa vizuri, nyumba yenyewe inakusaidia kulinda. Kazi hii haihitaji pesa nyingi, na ukishaifanya mara moja inabaki kutunzwa tu.

1. Zuia moto. Weka sigiri kwenye pembe yenye ukuta pande mbili, na upande uliobaki wazi ukinge kwa benchi au matofali. Mkono wa kikaango uelekee ukutani. Chai na uji wa moto visiwekwe sakafuni wala juu ya kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta.
2. Usilale na sigiri yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi Mbale. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.
3. Mwaga au funika maji yote. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika beseni lenye maji ya kina cha kiganja. Ukimaliza kufua, beseni lifudikizwe. Tundu la choo na shimo la taka viwe na kifuniko kizito.
4. Mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa ya kung'arisha nguo visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Viwekwe juu, mahali ambapo hata kaka yake wa miaka 5 hafiki.
5. Okota vidogo: sarafu, betri, vifungo, njugu nzima. Mtoto wa chini ya miaka 5 hupaliwa navyo kwa urahisi.
6. Mpe mtoto mahali pake: mkeka mmoja na ndoo ya vitu salama, kama mwiko, vikombe vya plastiki na kopo lililofungwa lenye mchanga ndani. Akiwa na mahali pake, anakuwa na sababu ndogo ya kufuata vyako.

[KISANDUKU: Jinja na Mbale hazifanani]
Jinja: maji ya ziwa, hasa ya ufukweni, yana kichocho, na mtoto hupata ugonjwa huo kwa kuogeshwa tu. Usimwogeshe ziwani. Kama huna maji mengine ya kuogea, teka hayo ya ziwa, yafunike, yakae siku mbili kamili, au yachemshe kisha yapoe. Ya kunywa yachemshwe kila siku.
Mbale: usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mto Nabuyonga na mto Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa, na maji ya bomba yakakatika. Unayekaa karibu na mto, chagua sasa nyumba ya mahali pa juu mtakapokimbilia, na msimu wa mvua uwe na jerikeni mbili za maji safi zisizoguswa. Mvua kubwa ikianza usiku, watoto walale na nguo zao.

Ajali ikitokea, jambo la kwanza ndilo linaloamua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi, apelekwe kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala manyoya ya sungura. Vinabakiza joto na kuleta uchafu kidondani. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yakirudi juu huingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

HATUA YA 2: Gawa siku katika vipande vinne

Ratiba ya saa kwa saa huvunjika siku ya kwanza mtoto anapougua tumbo. Mpangilio wa vipande hauvunjiki, kwa kuwa unafuata mfuatano: hiki huja baada ya kile, hata kama leo kimechelewa. Mtoto naye huuzoea mfuatano huo haraka. Akijua kwamba baada ya kuoga ni uji na baada ya uji ni mkekani, analia kidogo, nawe unapata nafasi ya kupumua.

1. Alfajiri, kabla hawajaamka. Kazi za moto peke yake: chemsha maji ya kunywa, pika uji uingie kwenye chupa ya chai, injika maharage yaliyolowekwa tangu jana. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi na kuokoa makaa.
2. Asubuhi. Nyonyesha, wape uji, waogeshe. Kisha kazi moja kubwa ya siku, na moja tu. Kama ni kufua, fua sasa. Kule Mbale, mawingu yakishajikusanya juu ya mlima Wanale mchana, nguo hazikauki tena.
3. Mchana. Chakula, halafu usingizi. Mtoto anapolala, nusu saa ya kwanza ni yako ya kulala au kunyoosha mgongo. Muda unaobaki ufanye kazi za kisu na za moto, zile zisizofaa kufanywa akiwa miguuni pako.
4. Jioni. Chakula cha usiku mapema, kuoga, nguo za mikono mirefu, kisha ndani ya chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na mtoto anayekaa nje karibu na sigiri akimngojea baba hadi saa 4 anaumwa kabla hajakifikia chandarua.

Ile "kazi moja kubwa" ndiyo kiini cha hatua hii. Gawa kazi kubwa katika wiki: nguo siku tatu, soko siku mbili, kusugua nyumba siku moja. Mama anayejaribu kufua, kwenda sokoni na kusugua nyumba siku ileile huishia kuchukua muda wa kulisha au wa kulala, kwa sababu ndio muda pekee usio na mtu wa kuudai.

HATUA YA 3: Lisha mara nyingi, kidogo kidogo

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hushiba kwa kikombe kimoja, na kikombe hicho hakimtoshi hadi jioni, hata kama alikula vizuri asubuhi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Baada ya hapo milo 2 hadi 3 kwa siku mpaka miezi 8, na milo 3 hadi 4 kuanzia miezi 9 hadi 23, pamoja na kitafunwa mara moja au mbili, huku kunyonya kukiendelea hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto anayekula na watu wazima tu, mchana na usiku, ana njaa ambayo haionekani kwa macho.

Kipimo cha pili ni mchanganyiko. Busoga viazi vitamu ndivyo vinavyojaza sahani. Mbale ni matoke na posho. Vyote hushibisha bila kujenga mwili vya kutosha. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, pale hospitali ya Mulago, tangu miaka ya 1960 kimekuwa kikiwafundisha akina mama kupika kitobero: chakula kikuu, kunde au njugu, kitu cha mnyama, na mboga ya majani, vyote katika chungu kimoja. Hakuna kinachohitaji duka kubwa.

1. Menya ndizi mbili za matoke au kiazi kimoja kikubwa.
2. Ongeza konzi moja ya maharage yaliyokwisha kuchemshwa, au vijiko viwili vya njugu zilizosagwa.
3. Tia kijiko cha unga wa mukene, yaani dagaa waliokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Yai hufanya kazi hiyohiyo.
4. Pika kwa mvuke ndani ya jani la mgomba au sufuria ndogo. Karibu na mwisho weka dodo, yaani mchicha, iliyokatwa vipande vidogo.
5. Ponda iwe nzito, isitiririke kijikoni. Uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji.

Onyo: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kikiwa vuguvugu. Kikibaki, kichemshwe tena mpaka kitokote kabla ya kumpa mtoto, na kilicholala kitupwe. Njugu zenye ukungu au uchungu usizisage; sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kupikwa.

Wengine watajibu kwamba pesa ya matumizi haitoshi milo minne. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini milo minne si mara mbili ya gharama ya milo miwili. Ni chakula kilekile kilichogawanywa upya. Kipande cha kiazi cha asubuhi, ndizi mbivu ya saa 10 na kijiko cha njugu ndani ya uji havigharimu kama soda na mkate. Kipimo cha mukene kinatosha kutia kijiko kwa siku kadhaa. Kama lazima kitu kipungue, kianze kupungua sukari na mafuta ya mboga ya watu wazima.

HATUA YA 4: Zungumza naye kazini mwako

Usiifute hatua hii kwa kuiona ni ya wenye nafasi. Huko Lira, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya wazazi wenye watoto wa miezi 12 hadi 36 vilikutana mara 12 kujifunza kucheza na kuzungumza na mtoto, lishe, usafi, na namna ya kuitunza hali ya moyo ya mama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto wa vikundi hivyo walikuwa mbele katika akili na lugha kuliko wenzao, na mama zao walikuwa na dalili chache za sonona. Walikuwa wazazi wa vijijini, wenye kazi nyingi kama zako.

Hutakiwi kutenga saa ya mchezo. Chukua kazi ya kumenya matoke. Mtoto wa miaka 2 akae mbele yako, mbali na kisu. Kila ganda linaloanguka analiokota na kulitia ndooni. Wewe unahesabu: moja, mbili, tatu. Akikosea, unamngoja. Akisema neno lake nusu, unalirudia kamili, kisha unamwuliza: lile refu liko wapi? Anatafuta, analeta, mnafurahi pamoja. Matoke yamemenywa kwa muda uleule, na mtoto amepata hesabu, maneno na uangalifu wako. Fanya vivyo hivyo unapoanika nguo au kuchambua dodo. Tumia lugha unayoimudu zaidi, iwe Lusoga, Lumasaba, Luganda au Kiswahili. Redio na simu haviwezi kushika nafasi yako, kwa sababu havingojei jibu la mtoto.

HATUA YA 5: Tafuta mikono mingine

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inasema kwamba kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Haikusema mama peke yake. Kuna wanaoamini kwamba baba akishaleta pesa amemaliza. Pesa ni sehemu kubwa ya malezi, ila mtoto aliyeamka saa 8 usiku na homa hahitaji pesa pekee. Zungumza na baba wakati ametulia, na umwombe kazi mbili mahususi: kuteka maji kabla ya kwenda kazini, na kuwaogesha watoto jioni. Ombi la jumla la "nisaidie" hupotea. Kazi yenye jina na wakati hufanyika.

Jirani ni mkono wa pili. Mkiwa wawili mnaoaminiana, mmoja aangalie watoto wa wote asubuhi mbili kwa wiki ili mwenzake aende sokoni au kliniki, kisha mbadilishane. Kubalianeni mapema kuhusu sheria za moto, maji na nani anaruhusiwa kuwachukua. Usimwachie mtoto wa miaka 7 kichanga, wala usiwafungie watoto kwa kufuli na kuondoka, hata kwa safari ya dukani.

Na wewe mwenyewe je? Ukikosa hamu ya kula, ukilia mara kwa mara au kushindwa kumpenda mtoto kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu wala urogi. Ni ugonjwa unaotibika. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina idara za afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo, uende hospitali leo.

[KISANDUKU: Usisubiri asubuhi]
Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona:
- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu;
- degedege, au amelegea na haamki vizuri;
- anapumua haraka, mbavu zinabonyea;
- viganja vimekuwa vyeupe;
- mkojo mweusi kama chai ya rangi. Malaria kali ya namna hii huonekana sana mashariki mwa Uganda, na huhitaji matibabu ya haraka;
- macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo.
Homa ya kawaida ipimwe malaria ndani ya saa 24. Akiharisha, mpe maji ya ORS kila anapotoka chooni, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha. Jinja, huduma ya watoto ya hospitali ya rufaa iko Nalufenya, si kwenye hospitali kuu. Hakikisha unaijua njia kabla ya usiku wa dharura.

Makosa yanayojirudia

- Kuruka chanjo kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Tarehe zake ni kuzaliwa, wiki 6, 10 na 14, miezi 9 na miezi 18. Tangu Aprili 2025 Uganda pia inatoa chanjo ya malaria katika wilaya 105, kwa miezi 6, 7, 8 na 18. Uliza kituoni kwako.
- Kusahau Aprili na Oktoba, miezi ya vitamini A na dawa za minyoo.
- Kumpiga mtoto wa mwaka mmoja kwa kushika moto badala ya kuuhamisha moto.
- Kutumia usingizi wote wa mtoto kufanya kazi, kisha kukosa subira jioni.

Orodha ya kila jioni

□ Maji yamefunikwa, mabeseni yamefudikizwa
□ Sigiri imezimwa na iko nje
□ Maharage yamelowekwa
□ Kila mtoto amekula idadi ya milo ya umri wake
□ Nimezungumza na kila mmoja leo
□ Wote wako ndani ya chandarua, pembe zimechomekwa
□ Daftari la chanjo na nauli ya boda ya dharura viko mahali pamoja

Usibadilishe yote kwa siku moja. Leo usiku fanya Hatua ya 1, kwa sababu karibu haina gharama. Kesho ongeza mlo mmoja mdogo kati ya asubuhi na mchana. Wiki ijayo zungumza na mume wako na jirani. Na yeyote akiuliza mbona uwanja haujafagiwa, mjibu bila haya kwamba watoto wamekula, wako salama, na uwanja utafagiwa wakilala.